Dereva wa Tripu Anapoitwa Mkandarasi

Mada iliyotolewa mjini Sumbawanga kwa wajumbe wa kamati za parokia, wafadhili na madereva waalikwa. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa.



Tumeombwa tuzungumzie kodi. Tunajua kwamba neno hili likitajwa katika kikao watu huanza kutazama mlango. Lakini leo hatuji na kodi zote za nchi. Tunaizungumzia kodi ya mtu mmoja tu, yaani dereva wa lori anayelipwa kwa tripu, ambaye karatasi yake ya malipo, kama anayo, haimwiti mfanyakazi bali inamwita mkandarasi, au mtoa huduma anayejitegemea. Neno hilo tumelikuta kwenye karatasi za wenye malori, na tumelikuta kwenye vocha za miradi pia. Kwa hiyo mada hii inazihusu kamati kama inavyowahusu matajiri wa magari.

Ufipa unaishi kwa malori. Mahindi, maharage, ulezi na ngano ya huku juu havitembei vyenyewe hadi Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam. Mpunga wa bonde la Ziwa Rukwa unapandishwa mlima kutoka Muze na Mtowisa, na dagaa na migebuka wanaletwa kutoka Kirando na Kasanga. Tangu lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ikamilike katika miaka ya 2010, biashara ya kusafirisha imekua, na vijana wengi wa Laela, Matai na Namanyere wameona usukani kuwa shamba lao la pili. Kuanzia mavuno ya mahindi mwezi Mei, kisha NFRA na wafanyabiashara wanapoanza kununua, dereva halali nyumbani. Masika yakishika, anakaa kijiweni akisubiri simu.

Namna anavyolipwa mnaifahamu. Tajiri anatoa gari, anatoa hela ya njia, na dereva anapewa chake akirudi. Wengine wana posho ya safari bila mshahara. Wengine ni deiwaka, yaani wanashika usukani pale dereva mwenye gari anapougua au anapopumzika. Mkataba wa maandishi ni nadra. Mtakumbuka kwamba mwezi Aprili na tena mwezi Mei mwaka 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchini, abiria wakakwama vituoni. Watu wengi wanakumbuka ule ubishi wa kurudi darasani kila leseni inapohuishwa. Wanasahau kwamba moja ya madai makubwa ya madereva lilikuwa kupewa mikataba ya ajira. Kuna wenye magari waliosikia dai hilo wakaandika mikataba, lakini mkataba wenyewe ukasema dereva ni mkandarasi. Dereva akasaini akifurahi kwamba sasa ana karatasi.

Sheria inasemaje

Bunge lilipitisha mwaka 2004 sheria mbili za kazi zinazokwenda pamoja, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7. Katika hiyo ya pili, kifungu cha 61, kama kilivyopitishwa mwaka huo, ndicho tungependa kila mweka hazina akikate na kukibandika kwenye jalada la malipo. Kinasema kwamba mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama mkataba umeandikwa kwa jina gani, iwapo lipo hata jambo moja kati ya haya: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anategemea pato lake kwa mtu huyo, anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu.

Jambo moja linatosha. Sasa mchukueni dereva wa Fuso la tajiri. Gari ni la nani? Nani anamwambia apakie Ilemba leo na kesho ashushe Tunduma? Saa 45 kwa mwezi anazimaliza kwa safari mbili za Dar es Salaam. Huyu hana jambo moja, anayo karibu yote. Mkimwandika mkandarasi, mmebadilisha wino tu. Na kesi ikifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwajiri asiyeweza kuonyesha maelezo ya ajira kwa maandishi ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha, si dereva.

Upande wa kodi mambo hayawi tofauti sana. Mwajiri ndiye anayetakiwa kukata kodi ya mshahara, ile tunayoiita PAYE, na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Asipokata, deni haliondoki. Linabaki kwake, pamoja na riba. Kamati inayodhani imekwepa usumbufu kwa kuandika neno mkandarasi, imejiwekea deni kwenye kabati.

Hesabu yenyewe

Tunaomba mtoe kalamu, kwa sababu hapa ndipo hofu nyingi zinapoanguka zenyewe.

Tuseme dereva analipwa mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi. Mchango wa NSSF kwa jumla ni asilimia 20, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo kwake inatoka shilingi 40,000 na kwa mwajiri shilingi 40,000. Kodi inahesabiwa baada ya mchango wake kutolewa, yaani kwenye shilingi 360,000. Tangu Julai 2020 shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi kodi ya mshahara. Zinazobaki ni 90,000, na tangu Julai 2021 kiwango cha ngazi hiyo ni asilimia 8. Kodi yake ni shilingi 7,200.

Tunarudia ili asiwepo wa kusema hakusikia. Ni shilingi elfu saba na mia mbili kwa mwezi, fedha ambayo haifiki bei ya lita tatu za dizeli. Na dereva wa shilingi 300,000, ukitoa NSSF yake ya 30,000 anabaki na 270,000 kamili, na kodi yake ni sifuri.

Kwa upande wa mwajiri, ukiacha NSSF, upo mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao kwa kiwango cha asilimia 0.5 ni shilingi 2,000 kwa huyu wa laki nne. Mfanyakazi hakatwi hata senti ya mfuko huu. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, kwa hiyo mwenye malori mawili na miradi yetu mingi midogo haiguswi nayo. Jumla, kumwita dereva mfanyakazi kunamgharimu mwajiri shilingi 42,000 juu ya mshahara. Hicho ndicho kinachookolewa na neno mkandarasi. Kodi inatajwa sana katika mabishano haya, lakini kodi si sababu. Anayekwepa anakwepa 42,000, na 40,000 kati ya hizo ni uzee wa dereva.

Na zile 2,000 zinazobaki ni nini? Mfuko wa fidia ulianza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008. Unagharamia matibabu ya mfanyakazi aliyeumia kazini, unalipa ulemavu, na akifariki unawalipa wategemezi wake. Wote hapa mnaijua barabara ya kushuka bondeni wakati wa mvua. Mnajua breki zikiisha pale kunakuwaje. Mkandarasi akiangukia pale, tajiri atatuma rambirambi na gunia la mahindi, na kwa desturi zetu atakuwa ametenda vizuri. Mjane hana pa kudai zaidi mpaka aanze kwanza kubishana kwamba marehemu hakuwa mkandarasi, na shahidi wake mkuu hayupo.

Mkandarasi wa kweli

Hatusemi kwamba mkandarasi hayupo. Yupo, na tunamheshimu. Ni yule mwenye Fuso lake, anayepatana bei na wateja wengi, anayekataa mzigo akiona haulipi, anayenunua matairi yake mwenyewe. Huyo ni mfanyabiashara, na kodi yake inakwenda kwa njia nyingine.

Jambo la kwanza kwake ni TIN. Hapa kuna mtego mdogo ambao tumewaona wengi wakinaswa. Kila dereva mwenye leseni ana TIN, kwa kuwa leseni haitolewi bila hiyo. Basi akiulizwa anasema, ninayo. Lakini iliyotolewa kwa ajili ya leseni ni TIN isiyo ya biashara. Akianza kubeba mizigo kwa faida yake, inabidi aende TRA ibadilishwe iwe ya biashara, afanyiwe makadirio, na alipe kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. TIN yenyewe haiuzwi. Anayedai fedha ya kukutafutia ni wakala wa mfuko wake.

Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake ghafi kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100, na hana pato jingine nje ya biashara, hutozwa kwa jedwali la mauzo bila kulazimika kuandaa hesabu zilizokaguliwa. Tangu mwaka 2022 mtu binafsi anayesafirisha abiria au mizigo amewekewa jedwali lake, kiwango kwa kila gari kulingana na ukubwa wake. Viwango vya majedwali haya huguswa na Sheria ya Fedha, ambayo huanza kutumika Julai mosi kila mwaka, kwa hiyo tunashauri mwenye gari aulize kila Julai na asitegemee karatasi ya mwaka juzi iliyobandikwa dukani kwa jirani.

Katikati ya hawa wawili yuko deiwaka. Hana gari, na vifaa vyote ni vya wengine, kwa hiyo kifungu cha 61 kinamvuta upande wa ajira. Lakini wiki hii yuko na tajiri huyu, wiki ijayo na mwingine, na hakuna anayemwona kuwa wake. Ubishi ni wa kweli hapa. Maoni yetu ni kwamba aliyeshika gari moja msimu mzima si deiwaka tena, hata kama kila mtu kijiweni anamwita hivyo. Kwake upo mkataba wa kazi maalumu, ambao sheria ya mwaka 2004 inauruhusu: kubeba mahindi ya msimu huu, kwa mshahara huu, mpaka mzigo uishe. Deiwaka anayezunguka kweli, na anayetaka kujihesabu kuwa mfanyabiashara, ana tatizo jingine, nalo ndilo linalowaumiza wengi kuliko kiwango chochote cha kodi.

Tatizo hilo ni hela ya njia. Tuchukue mfano. Tajiri anamtumia dereva kwa simu shilingi 1,400,000 za safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100. Dizeli inakula 950,000. Utingo anapewa 60,000. Pancha, maegesho na chakula vinamaliza 90,000. Dereva anabaki na 300,000. Akienda safari 20 kwa mwaka, zimepita kwenye simu yake shilingi milioni 28, na zake ni milioni 6. Siku akiitwa kufanyiwa makadirio, au siku akigombana na tajiri, karatasi pekee iliyopo ni orodha ya miamala ya simu, nayo inasema milioni 28. Nani atamwamini kwamba 22 zilikuwa za dizeli na utingo?

Dawa yake ni daftari la shilingi mia chache. Tarehe, kutoka wapi hadi wapi, mzigo gani, nani alitoa fedha, ngapi ilikuwa ya njia na ngapi ya mkono. Tajiri au mwakilishi wake atie sahihi safari ikifungwa. Risiti ya mashine ya EFD ya kila kituo cha mafuta ibandikwe ukurasa huo huo, ikiwa na namba ya gari, maana karatasi ile hufifia ikiachwa kwenye dashibodi juani. Ikiwezekana hela ya njia iingie kwenye laini moja na malipo yake kwenye laini nyingine. Wapo madereva waliotucheka tulipowaambia haya, wakasema wao si makarani. Lakini madereva hao hao wanakumbuka kwa kichwa kila mizani kutoka Mpemba hadi Vigwaza. Anayeweza hilo hashindwi kuandika mistari mitano.

Na faida ipo kwenye shilingi. Katika jedwali la jumla la wafanyabiashara wadogo lililowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya milioni 6 asiye na kumbukumbu alipangiwa kodi ya shilingi 100,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu alipangiwa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani shilingi 60,000. Daftari limemlipa 40,000 bila kutoka jasho.

Tuongeze neno kuhusu kodi ya zuio. Kwa huduma za kitaalamu, anayelipa hukata asilimia 5 na kuipeleka TRA. Tumewahi kuona karatasi ambazo dereva wa gari la mradi amekatwa asilimia 5 kana kwamba ni mtaalamu mshauri. Kwa mshahara wa laki nne hiyo ni shilingi 20,000, karibu mara tatu ya ile 7,200 aliyostahili kukatwa kama mfanyakazi, na NSSF hana. Mfanyabiashara wa kweli akikatwa zuio, asiondoke bila hati yake, kwa sababu fedha hiyo inahesabiwa kwenye kodi yake ya mwaka. Bila hati ni kama haikukatwa.

Kwa kamati na wafadhili

Kamati ikikodi lori la mtu kuleta saruji au mabati, inanunua usafiri. Mlipeni mwenye gari, chukueni TIN yake na risiti, na dereva ni wa mwenye gari. Gari likiwa la mradi, dereva ni wenu, na hakuna namna nzuri ya kuandika vocha itakayobadilisha hilo. Mwandikieni mkataba, mwandikisheni NSSF na WCF, na kila mwezi andaeni PAYE hata ikiwa sifuri. Kama mnamhitaji kwa msimu tu, mkataba uwe wa kazi hiyo.

Kwa wafadhili tuna ombi, nasi tunalisema kwa heshima. Bajeti zikija kwenu, mnapenda kuona mishahara midogo na shughuli kubwa. Tunaelewa sababu zake. Matokeo yake huku chini ni kwamba dereva anatolewa kwenye mstari wa wafanyakazi na kufichwa kwenye mstari wa usafirishaji, pamoja na dizeli na matairi. Mkiona mradi wenye gari na hauna dereva kwenye orodha ya wafanyakazi, ulizeni. Na mkiona mstari wenye 42,000 za ziada kwa mwezi, msiukate.

Linabaki jambo ambalo madereva wenyewe hutuambia: sisi hatutaki kukatwa, tupeni zetu mkononi. Hatuwashangai. Mtu aliyewahi kukatwa fedha zisizofika NSSF hana sababu ya kuamini makato. Kwa hiyo mwajiri anayekata aonyeshe. Dereva naye aende mwenyewe ofisi za NSSF na namba yake ya uanachama, aombe taarifa ya michango, aone kama mwezi uliopita umeingia. Asipouona, asisubiri mwaka. Na aliyeachishwa kazi bila haki ana siku 30 tu za kufikisha shauri lake kwenye Tume. Madai mengine ni siku 60. Wengi hufika wakiwa wamechelewa, kwa sababu walikuwa wakimbembeleza tajiri kupitia wazee.

Katibu ana nakala za daftari la mfano na za mkataba wa kazi maalumu, hapo mezani karibu na mlango. Tunaomba maswali yaanze kwa madereva, maana wawili kati yao wana mzigo wa kushusha Matai kabla ya giza.